Kubadili kivinjari: tazama injini, usitazame rangi

Julai 2025, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi hapa Uganda iliamua kwamba Google ilikuwa ikikusanya taarifa za watu wa nchi hii bila kujisajili, wakati Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa ajisajili. Ikapewa siku 30. Hayo ndiyo yaliyoamuliwa, lakini habari ilipofika kwenye kibanda changu cha simu hapa Busia ilikuwa imeshavaa nguo nyingine. Mmoja alisema Google inafungwa kama Facebook ilivyofungwa Januari 2021. Mwingine akasema kila mwenye simu atalipwa fidia. Na mama mmoja anayevusha samaki mpakani, mteja wangu wa siku nyingi, akaweka simu yake juu ya meza.

"Mwanangu, nitolee hiyo Google kabla haijazimwa. Niwekee nyingine."

"Google ipi, mama?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua lipi. Akagusa alama ya Chrome, ile duara nyekundu, njano na kijani yenye jicho la buluu. "Hii. Si ndiyo intaneti?"

Siyo, na sikumcheka, kwa sababu swali hilo naulizwa karibu kila siku, na wanaouliza ni pamoja na walimu na vijana wa chuo. Uamuzi wa Julai haukuzima kitu. Hata hivyo hamu ya kutafuta njia nyingine ni hamu nzuri, na ningependa watu wengi zaidi waipate. Shida ni kwamba wengi hutoka mlango wa mbele wakarudi nyumba ileile kwa mlango wa uani, wakidhani wamehama.

Tuanze na majina. Google ni kampuni. Chrome ni kivinjari chake, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti. Ule ukurasa wa Google unaoandikia swali ni mtambo wa kutafuta, yaani huduma inayokuambia ukurasa unaoutaka uko wapi. Kivinjari ni boda inayokupeleka. Mtambo wa kutafuta ni yule mtu unayemuuliza njia pale stendi. Unaweza kupanda boda yoyote ukamuuliza mtu yeyote, na unaweza kubadili mmoja bila kumgusa mwingine. Watu wengi hawalijui hili kwa sababu simu zetu za Android huja na vyote viwili kutoka kampuni moja, vimeshaunganishwa.

Kuunganishwa huko si bahati. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilionekana kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake uwe ndio wa kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine. Kampuni hailipi fedha kama hizo kwa kitu ambacho watu wangekibadili wenyewe kwa urahisi. Inajua kwamba tulio wengi tunatumia kile tulichokikuta. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, akakataa kuilazimisha iuze Chrome, lakini akapiga marufuku mikataba inayowafungia wengine nje. Malipo yenyewe hakuyazuia.

Injini iliyo chini ya tanki

Sasa tuingie ndani zaidi. Simama pale stendi ya boda uangalie pikipiki. Moja imepakwa nyekundu, nyingine ina mwavuli, nyingine dereva wake amevaa kofia ya kampuni. Ukiinama kuangalia injini, nyingi utakuta ni Bajaj Boxer. Spea ni zilezile, fundi ni yuleyule, na kesho kiwanda kikibadili kabureta, wote wanabadilikiwa.

Vivinjari viko hivyohivyo. Kila kivinjari kina injini, sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa maandishi na picha unazoziona. Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini kubwa zinazotumika leo ni tatu: Blink, inayoongozwa na Google; WebKit ya Apple; na Gecko ya Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox. Chrome inatumia Blink. Edge ya Microsoft ilihamia msingi huohuo mwaka 2020. Opera ilihamia 2013. Brave, Vivaldi na Samsung Internet nazo zimo humo. Kwa hiyo anayetoka Chrome kwenda Opera kwa sababu amechoka na Google amebadili rangi ya tanki.

Hapa lazima niwe wa haki. Msingi wa Chrome, unaoitwa Chromium, ni programu huria: yeyote anaweza kuuchukua, akang'oa anachokichukia na kuongeza anachokipenda. Brave inazuia matangazo na vifuatiliaji, vile vinavyorekodi unakopita mtandaoni, tangu unapoifungua mara ya kwanza, na Vivaldi imetengenezwa na watu wanaoongozwa na mmoja wa waanzilishi wa Opera. Kwa upande wa faragha, tofauti kati ya hizo na Chrome ni ya kweli. Lakini faragha ni jambo moja na kujitegemea ni jingine. Google ikiamua kwamba injini yake itaacha kukubali kitu fulani, walio juu yake hupata kazi ya kukilinda kwa nguvu zao, na kila mwaka mzigo unaongezeka.

Tumeshaona mfano. Kwenye kompyuta, Chrome ilibadili kanuni za viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyoongezwa juu ya kivinjari. Kufikia 2025 uBlock Origin, kizuia matangazo kilichopendwa na mamilioni, ikawa haifanyi kazi tena humo. Kwenye Firefox inaendelea kama zamani, kwa sababu injini ile ni nyingine na wenye uamuzi ni wengine.

Na kwa nini mtu wa Busia ajali nani anashika injini? Kwa sababu mmoja akishika yote, wajenzi wa tovuti huacha kujaribu kazi yao kwingine. Jambo hili lilishatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa kwenye zaidi ya kompyuta tisa katika kila kumi. Toleo la 6 lilitoka 2001. Toleo la 7 likatoka 2006. Miaka mitano, na hakuna aliyekuwa na haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa akishindana nao, hadi Firefox ilipotoka Novemba 2004 ikawaamsha. Chrome yenyewe, iliyozaliwa 2008, ilipata nafasi kwa sababu mlango ule ulikuwa umeshafunguliwa.

Firefox basi ndiyo mbadala mkubwa wenye injini yake ambao mwenye Android anaweza kuupata leo. Lakini nayo ina kamba mguuni: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka Google, kwa ajili ya kuweka mtambo wa Google kuwa wa kwanza. Injini ni huru, mfuko si huru. Mimi naitumia nikijua hivyo. Wapo wanaojenga upya kabisa: Ladybird, mradi usio wa faida ulioanzishwa rasmi 2024 na Andreas Kling, unaandika injini mpya tangu mwanzo, na Servo, uliozaliwa Mozilla, sasa uko chini ya shirika la Linux Foundation Europe. Nawaombea heri, ila bado si vitu vya kumwekea mama muuza samaki.

Wanaoulizwa njia

Mtambo wa kutafuta nao una undani wake, na hapa ndipo watu hudanganyika zaidi.

Wengi hudhani ukiandika swali, mtambo unakimbia duniani kote kutafuta jibu. Haufanyi hivyo. Kazi hiyo ilishafanywa zamani. Programu zake hutambaa usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikinakili kilichomo, kisha mtambo hupanga maneno yote kwenye orodha kubwa mno, kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu inayokuambia neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Ukiuliza, unatazamiwa kwenye faharasa hiyo tu. Ukurasa usiokuwemo, kwako ni kama haupo.

Fikiria soko la Owino pale Kampala. Ukifika langoni hujui kibanda kipi kina suruali za mtumba za saizi yako. Wanakujia madalali, mmoja shati la kijani, mwingine la buluu, wa tatu la chungwa. Unamchagua wa chungwa kwa sababu anaonekana mwaminifu. Anakuambia subiri, anapinda kona, anamuuliza mzee mmoja mwenye daftari la vibanda vyote, anarudi na jibu. Shati la kijani naye anakwenda kwa mzee huyohuyo. Kuandika daftari kama lile kunagharimu fedha nyingi kiasi kwamba soko zima lina wazee wachache sana wenye daftari kamili.

Ndivyo ilivyo. Google ina daftari lake, na Bing ya Microsoft ina lake. DuckDuckGo, ya tangu 2008, inachukua sehemu kubwa ya majibu yake kutoka Bing. Ecosia ya Berlin inachukua kutoka Bing na Google. Startpage ya Uholanzi ni majibu ya Google hasa. Tarehe 23 Mei 2024 Bing ilipata hitilafu, na siku hiyohiyo DuckDuckGo na Ecosia nazo zikashindwa kujibu. Waliodhani wametawanya mayai kwenye vikapu vitatu wakagundua kikapu kilikuwa kimoja. Kisha Agosti 2025 Microsoft ikafunga huduma iliyokuwa ikiwauzia majibu ya Bing watengenezaji wadogo. Wakubwa wenye mikataba yao waliendelea. Wadogo ikabidi wahangaike.

Wenye madaftari yao wenyewe wapo, ingawa ni wachache. Brave Search ilianza 2021, na 2023 ikatangaza kwamba imeacha kabisa kuitegemea Bing. Mojeek ya Uingereza imekuwa ikijenga faharasa yake kwa miaka zaidi ya ishirini, polepole, bila kumfuatilia anayeuliza. Marginalia ya Sweden imejengwa na mtu mmoja, ikitafuta zaidi kurasa ndogo za watu binafsi ambazo mitambo mikubwa huzizika. Ecosia na Qwant ya Ufaransa ziliungana 2024 kujenga faharasa ya Ulaya. Yandex ya Urusi na Baidu ya China zina zao pia, na kila moja ina serikali yake nyuma ya bega.

Je, DuckDuckGo basi haina maana? Ina maana sana, ila si ile watu wanayoidhani. Ni sawa na kumtuma mtoto wa jirani dukani akununulie dawa ya minyoo. Mwenye duka anajua kuna mtu anataka dawa ya minyoo. Hajui ni wewe, na hawezi kukuandika kwenye kitabu chake karibu na yale uliyonunua wiki jana. Kwa mtu anayetafuta dalili za ugonjwa au habari za siasa, kufichwa huko kuna thamani kubwa. Jibu lenyewe tu ndilo bado linatoka duka lilelile.

Kuhusu ubora nitasema ukweli kama ninavyouona kibandani. Faharasa ndogo ina kurasa chache, na kurasa za kwetu ndizo huachwa kwanza. Ukiuliza kwa Kiswahili, au Kiganda, au ukitaka bei ya mahindi Masindi, Google mara nyingi hujibu vizuri zaidi. Wamewekeza, na hata Kiganda kiliingizwa kwenye huduma yao ya tafsiri mwaka 2022. Sioni aibu kukiri hilo. Kwa maswali ya jumla, historia, mapishi, jinsi ya kurekebisha pampu, tofauti ni ndogo. Na kuna njia ya katikati: kwenye DuckDuckGo na Brave Search, ukianza swali lako na alama ya mshangao na herufi g, hivi: !g, swali hilo moja linapelekwa Google, mengine yote yanabaki ulikohamia. Ukianza hivyo, baada ya mwezi utajua mwenyewe ni maswali mangapi kweli yalihitaji Google.

Yanayosemwa vibandani

"Mimi natumia Hali Fiche, kwa hiyo siwezi kufuatwa." Hali Fiche, ile ya Incognito, haihifadhi historia kwenye simu yako, basi. Mke au mume hataona. Tovuti unayoingia, kampuni ya mtandao unayonunulia bando, na wenye matangazo bado wanaweza kuona. Watumiaji wa Marekani waliishtaki Google kwa jambo hili 2020, na kwenye makubaliano ya 2024 kampuni ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa watu wakiwa humo.

"Mimi nina VPN." Hili Waganda tulijifunza kwa lazima. Julai 2018 ilipokuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, watu walipakua VPN kama karanga, na Facebook ilipofungwa 2021 wakapakua tena. VPN inakuficha kwa kampuni ya mtandao kwa kupitisha kila kitu kwa mwenye VPN. Umehamisha imani, hujaiondoa. Na VPN ya bure isiyosema mwenyewe ni nani wala anakula wapi, mimi kwenye simu ya mteja siweki. Tena, ukiwa na VPN huku umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inakujua kwa jina.

"Nikitoka Chrome nitapoteza Gmail na YouTube." Hapana. Zinafunguka kwenye kivinjari chochote cha kawaida.

Opera Mini inastahili maneno zaidi, kwa sababu ipo tangu 2005 na imewafikisha Waafrika wengi mtandaoni kwa simu ndogo na bando dogo. Inaokoa data kwa kutuma ukurasa kwanza kwenye seva za Opera, ambako unabanwa, kisha unaletewa mwepesi. Ni kama kumtuma mtu akusomee barua, akuletee muhtasari. Msaada ni wa kweli, ila barua ameisoma. Kwa magazeti na matokeo ya mpira, tumia bila wasiwasi. Kwa benki au jambo la siri, fungua kingine, hasa ikiwa umeweka kiwango cha juu kabisa cha kubana.

Bando ndiyo sababu inayowashawishi wateja wangu kuliko hotuba yoyote ya faragha. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na sehemu ya hiyo data huishia kwenye matangazo ambayo hukuyaomba. Chrome ya Android haipokei viendelezi, na ile hali yake ya kuokoa data iliondolewa 2022. Firefox ya Android inapokea uBlock Origin. Kurasa za habari zilizojaa video zinazojichezesha zenyewe zinabaki maandishi na picha zake, na unaona tofauti siku hiyohiyo.

Kwa simu yenye nafasi ndogo, Firefox inaweza kuwa nzito. Hapo mimi huweka kivinjari cha DuckDuckGo, ambacho ni chepesi kwa sababu kinaazima injini iliyomo tayari kwenye Android, nayo ni Chromium. Ni faragha bila kujitegemea, na kwa mtu mwenye simu ya nafasi ndogo ni mapatano ya haki. Asiyetaka kuhama kabisa anaweza kubaki kwenye Chrome na kubadili yule anayemuuliza njia tu: nukta tatu, Mipangilio, Mtambo wa kutafuta. Ni kazi ya dakika moja. Kwenye iPhone hadithi ni fupi: nje ya Umoja wa Ulaya na Japani vivinjari vyote vimelazimika kutumia injini ya Apple, kwa hiyo huko unachagua sura na mtambo wa kutafuta, basi.

Jambo moja wengi hulisahau hadi wakwame: nywila. Kwa miaka Chrome imekuwa ikizikumbuka kwa niaba yako, na wewe umeshazisahau. Ukihama bila kuzichukua utajifungia nje ya barua pepe yako.

Tukarudi kwa yule mama. Nilimwekea Firefox, nikaongeza uBlock Origin, mtambo wa kutafuta nikaweka DuckDuckGo. Chrome sikuizima, nimemwachia kwa ajili ya ukurasa wa ushuru aliouzoea. Kisha nikafungua orodha ya nywila zake zilizohifadhiwa. Akatoa daftari lake la madeni ya samaki, akafungua ukurasa wa mwisho, akaniambia nimsomee polepole aandike. Nikamgeuzia simu asome mwenyewe, nami nikatazama malori barabarani mpaka aliponiambia amemaliza.